Litaja, Jina Lililoniponyoka

Jumatatu, 3 Machi

Ewe uliyeishika shajara hii, iwe umeiokota au umeiiba, nakusihi: ifunge hapo hapo. Ukishindwa kuifunga, soma kimya. Usimsomee mtu. Usicheke mbele za watu, maana watauliza unacheka nini, na wewe utawaambia, nakujua. Kazi yangu iko mikononi mwako.

Mimi ni karani wa dirisha namba tatu, ofisi ya kusajili vizazi. Niko kwenye majaribio. Ijumaa ya wiki ijayo mkuu wetu anaandika ripoti yangu: nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani. Mkuu huyo tunamwita Bi Nukta (si mbele yake!), kwa sababu barua ikikosa nukta mwishoni huirudisha hata kama imetoka kwa waziri.

Leo nimefanya kosa. Nimetoa jina.

Ilikuwa hivi. Saa nne na ushei. Foleni mpaka nje ya mlango. Akafika dirishani mama mmoja, fundi wa kushona sare za shule, utepe wa kupimia bado shingoni, mtoto wa kike wa wiki sita mgongoni. Fomu safi, mwandiko mzuri, ila kisanduku cha jina kitupu. Nikamwuliza jina la mtoto. Akacheka kile kicheko cha mtu aliyemaliza machozi. Akaniambia mama mkwe anataka mtoto aitwe jina lake, na mama yake mzazi anataka aitwe jina lake yeye, na sasa bibi hao wawili hawasalimiani, na mume amejitafutia zamu za ziada ili asiulizwe upande wake ni upi. Nyumbani mtoto wanamwita Wewe.

"Andika lolote, mdogo wangu," akasema. "Nimechoka."

Kanuni iko wazi. Bila jina hakuna cheti, mwombaji arudi nyumbani. Imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa changu. Lakini yule Wewe alikuwa ananitazama juu ya bega la mama yake, kwa jicho moja, kama mtu anayechungulia mlangoni. Nikaamua. Nitaandika "litajazwa" mahali pa jina, nitaihifadhi kama rasimu, waje kukamilisha wakishapatana. Makarani wengine hufanya hivyo Bi Nukta akiwa likizo.

Nikaanza kuchapa. L, I, T, A, J, A. Bi Nukta akaniita kutoka nyuma kwa sauti ile. Nikaruka! Kidole kikatua kwenye kitufe kisicho chake. Mashine ikaguna, ikatema cheti.

Alikuwa anauliza stepla tu. Stepla! Nilipogeuka dirishani, mpiga mihuri wetu, ambaye hugonga chochote kinachotoka kikiwa cha moto, alishagonga. Mama alishatia saini. Foleni ilishamsukuma nje.

Jina la mtoto: LITAJA.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Mzuri sana. Nimeunda sentensi moja isiyo na doa: "Wino wa muhuri wa jana una kasoro, tunakusanya vyeti vyote." Nakichukua cheti, nakichana, naanza upya. Nimeiandika sentensi kiganjani nisiisahau.

Mchana nikaenda dukani kwa fundi. Nikafika. Nikatazama. Cheti kimetiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa juu ya cherehani, kando ya picha ya harusi. Msumari wa inchi tatu!

Na chini yake, kwenye benchi moja, bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, wanakunja sketi za bluu. Wanazungumza! Mmoja anamwambia mwenzake, shika upande huo, mkwe, usinivute kama unafua.

Fundi akanivuta nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Akaninong'oneza kuwa tangu jana nyumba ina amani. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Amewaambia jina amelichagua mwenyewe, maana wakijua limetoka kwa karani watasema ni jina la foleni. Tatizo ni moja tu: wanamwuliza maana yake, naye hajui. Lina maana gani?

Nikatazama kiganja. Jasho lilishaifuta sentensi yangu yote, limebaki neno "wino".

Nikasema linatokana na taji. Li-taja. Taji. Akaweka mkono kifuani, akarudi kwenye benchi kumnong'oneza mama mkwe wake, na mama mkwe akanyoosha mgongo palepale kana kwamba taji lenyewe limewekwa kichwani pake.

Ningeondoka hapo, ningekuwa salama. Lakini bibi mzaa mama akanisindikiza hadi mlangoni. Akasema mimi ni mtu wa ofisi, bila shaka nayajua majina kwa undani, nimwambie yeye peke yake. Nikaogopa. Nikausahau uongo wangu wa kwanza! Nikamwambia linatokana na kutaja: mtoto ambaye watu watamtaja. Akanishika kidevu. Alijua tu, akasema. Wa kwao wote hutajwa.

Mpango umeshindwa. Lakini sikiliza hili. Nilipokuwa natoka, fundi alimwita mtoto kutoka ng'ambo ya duka, sindano mdomoni: "Litaja!" Na mtoto aliyekuwa analia akanyamaza.

Njiani nimelitamka jina hilo mara kumi na moja. Linaanza kwa ulaini, linagonga katikati, linaishia mdomo ukiwa wazi. Haiwezekani kulitamka ukiwa umekunja uso. Jaribu. Mlinzi wa getini ameniuliza kama nina homa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo limerudi ofisini kwa miguu yake lenyewe.

Mama wa kwanza ni mteja wa yule fundi. Nikauliza jina la mtoto. Litaja, akasema, na akanitajia herufi moja moja kana kwamba mimi ndiye sijawahi kuliona. Wa pili ni nesi wa wodi ya wazazi, amekuja kumsajili mtoto wa kaka yake. Amelisikia wodini. Nikachapa. Mara hii jina lilikuwa kwenye fomu, kwa wino, kihalali.

Mzee mmoja kwenye foleni akauliza hiyo ni lita moja au lita mbili. Nesi akamjibu bila kugeuka: "Tangi zima, baba."

Wa tatu akaangukia dirisha namba nne, kwa Mjuaji. Huyu ni karani mwenzangu, na tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui". Mama akamwuliza jina hili lina maana gani. Mjuaji akajibu bila kupepesa macho kuwa ni nyota. Nyota ndogo ya alfajiri, inatokea upande wa mashariki, haionekani na kila mtu.

Nyota! Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia kwa upole kwamba nijuavyo mimi si nyota. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyevaa shati nje ndani. Akasema yeye jina hilo alikuwa nalo kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu.

Woga wangu unaniambia: shukuru! Mwache alibebe yeye, pamoja na dhambi zake. Ndiyo. Ni kweli kabisa. Mbona basi nimevunja penseli mbili?

Jumatatu, 10 Machi

Wamefika saba. Mmoja ni Litajah, herufi H mwishoni, kwa sababu mama yake anaona H inampa mtoto urefu.

Leo alikuja baba mmoja na binti yake wa miaka kumi na mmoja, kubadilisha jina. Binti ndiye mwenye shauri, baba amekuja kutia saini tu, na alilisema hilo mara tatu. Fomu inataka sababu. Nikamwuliza binti. Akasema darasani kwao wasichana wenye jina lake wako wanne, na mwalimu anawaita kwa namba. Yeye ni Namba Tatu. Nikamwuliza kwa nini hasa Litaja. Akafikiri, akasema kwa sababu bado ni jipya, halijakaliwa na mtu.

Halijakaliwa na mtu! Nimeketi na maneno hayo mchana kutwa. Majina mengine yote tunayasajili yakiwa na watu ndani. Shangazi mgomvi. Bibi aliyekuwa mrembo kuliko wewe. Msichana aliyemwacha baba yako. Mtoto anaingia kwenye jina anakuta viti vyote vimekaliwa. Hili lina madirisha wazi na sakafu imetoka kufagiliwa.

Na nani aliyelifungulia mlango? Usijibu.

Saa ya chai Mjuaji alikuwa amesimama akihutubia. Nyota yake sasa ina mkia. Bi Nukta akatangaza kuwa jina geni likisajiliwa zaidi ya mara tano kwa wiki, makao makuu wanataka maelezo, ukurasa mmoja, kichwa chake "Asili ya Jina". Kabla hajaweka nukta, Mjuaji alishanyoosha mkono. Ataandika yeye. Atatia saini yeye!

Nimeng'ata kikombe.

Jumatano, 12 Machi

Mpango mpya, na huu hauna tundu.

Nimeandika "Asili ya Jina" yangu mwenyewe. Bila saini. Nimeitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Ukweli utajulikana, Mjuaji atanyamaza, na mimi sitaonekana popote. Nimeichapa badala ya kuiandika kwa mkono, ili mwandiko usinisaliti. Nani angekumbuka hilo? Mimi nimekumbuka.

Ukurasa umekuwa kurasa nne. Nimeeleza asili ya taji. Nimeeleza asili ya kutajwa. Nimeukanusha unyota kwa hoja tisa. Nimesifu herufi moja moja, hasa ile J, ambayo inaliokoa jina lisiwe kipimo cha mafuta ya taa. Na kwa kuwa maandishi yasiyo na tarehe ni porojo, nimeonyesha jina lilivyosikika mara ya kwanza: tarehe 3 Machi, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, dirisha namba tatu. Nimehakiki kwenye kumbukumbu za mashine. Mtu akiandika lazima awe makini.

Najisikia mwepesi.

Alhamisi, 13 Machi

Ameniita.

Kurasa zangu nne mezani kwake, zimelazwa sawasawa. Alianza kwa kuzisifu. Akasema nukta zote ziko mahali pake. Akasema katika ofisi hii watu wawili tu ndio wanaojua kutumia nukta-mkato, na mmoja wao, yeye mwenyewe, hakuziandika hizi.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, huyu mtu asiyejulikana ameijuaje dakika.

Nikaanza kuzihesabu nukta za ukurasa wa kwanza.

Akaifungua kumbukumbu kwenye kompyuta. Tarehe tatu. Saa nne, dakika arobaini na mbili. Akatazama dari. Stepla, akasema. Akakumbuka! Akaweka kidole kwenye kibodi, mwishoni mwa LITAJA, akachapa taratibu, kidole kimoja: Z. W. A.

Tukalitazama sote wawili.

Nikasema yote. Nilisema haraka mpaka nikarudia mengine. Bi Nukta akavua miwani. Watoto waliofuata hawana tatizo, akasema, majina yao yaliletwa kwenye fomu. Lakini usajili wa yule wa kwanza ni batili. Kisanduku kilikuwa kitupu. Mama aitwe kesho, cheti kifutwe, mtoto arudi bila jina. Na mimi ndiye nitakayemweleza, kwa kinywa changu. Ripoti yangu ataiandika baada ya hapo.

Nikaomba kujiuzulu kwa barua. Akasema kwanza nikamalizie foleni.

Si kazi tu sasa. Nafikiria lile benchi. Kesho jioni litakuwa na mtu mmoja kila mwisho, na katikati mtoto anayeitwa Wewe.

Ijumaa, 14 Machi

Walikuja wote! Fundi, mtoto, na bibi wote wawili, wamevaa nguo zao za kutokea, kwa kuwa mtu akiitwa na serikali Ijumaa wao wanaamini anapongezwa. Cheti kimefungwa kwenye kitambaa cha sare.

Nikasema. Nilisimama kando ya meza ya Bi Nukta nikasema kwamba jina hilo si jina, ni neno "litajazwa" lililokatika, na aliyelikata ni mimi, kwa woga. Hakuna taji. Hakuna kutajwa. Nilidanganya, na nilidanganya vibaya.

Fundi alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi, na nisingependa kutazamwa hivyo tena. Mtoto wake alikuwa amebeba kisanduku kitupu siku kumi na moja, na yeye amekitia kwenye fremu.

Bibi mzaa baba akasimama. Akamwuliza Bi Nukta wamemfanya nini kijana wa watu. Huyu ametishwa! Jina zuri hivi litoke kwenye stepla? Yeye mwenyewe alisema kwa hiari yake, akiwa na akili zake timamu, kwamba ni taji.

Bibi mzaa mama akasema si taji, mkwe wangu, ni kutajwa, lakini kweli umesema, kijana ametishwa, mtazame magoti.

Kutoka dirisha namba nne Mjuaji akatoa kichwa na kusema kwamba kitaalamu ni nyota.

"Nyamaza wewe!" wakasema wote wawili kwa pamoja. Na nadhani hilo ndilo lililomalizia kuwapatanisha.

Nikajaribu tena kuwaambia ukweli. Nilileta kumbukumbu. Niliwaonyesha dakika. Bibi mzaa baba akanipapasa bega, akaniambia nisijali, mjukuu wangu, hawa hawatakufukuza tukiwa hapa.

Ndipo fundi akasema. Polepole, kama anayepima kitambaa cha mtu. Akasema yeye ananiamini, maana anajua alileta kisanduku kitupu, na siku ile alikuwa amechoka kiasi kwamba ningemwandikia Mlango angemwita Mlango. Lakini sasa amemwita mtoto Litaja siku kumi na moja. Akimwita jina jingine leo atakuwa anamwita mtoto mwingine. Na kama maana yake ni kujazwa, basi mwenyewe atajaza. "Sisi watu wazima watatu tulishindwa kukijaza kile kisanduku wiki sita."

Akamwomba Bi Nukta fomu mpya. Akachukua kalamu ya mezani. Kwenye kisanduku cha jina akaandika herufi sita, kubwa, zimenyooka kama mshono wa shati la mkaguzi. LITAJA.

Bi Nukta aliipitia fomu mara tatu. Alikuwa anatafuta kosa, namjua. Hakulipata. Akaniambia nikae kwenye kompyuta nikichape cheti kipya. Safari hii hakusimama nyuma yangu. Alizunguka akasimama mbele, mahali ninapomwona, na hakusema neno mpaka karatasi ikatoka.

Walipoondoka aliandika mwenyewe ukurasa wa makao makuu, mbele yetu, Mjuaji akichungulia. "Asili ya jina: mama yake." Na nukta.

Kisha ripoti yangu. Sikufukuzwa! Majaribio yameongezwa miezi mitatu, na nimehamishiwa chumba cha majalada: mbali na kibodi, mbali na wananchi.

Jumatatu, 17 Machi

Chumba cha majalada ni kizuri. Kimya. Hakuna anayeniita kutoka nyuma, kwa kuwa nyuma yangu ni ukuta. Asubuhi nimekula kiapo: maishani mwangu sitagusa tena jina la mtu. Kiapo kimesimama imara mpaka saa nne.

Saa nne akaingia yule nesi wa wodi ya wazazi. Mdogo wake anajifungua mwezi ujao, msichana, na anataka jina ambalo halijawahi kukaliwa. Amesikia kuna mtaalamu ofisini. Akauliza kama ni mimi. Nikakana. Akauliza tena. Nikakana tena. Akageuka kuondoka, na nikasikia sauti ikimwambia arudi Jumatano. Ilikuwa yangu!

Sikutafuta, naapa. Nilikuwa nafuta vumbi tu. Lakini migongo ya majalada haya! Kuna jalada limeandikwa "Yaliyosalia", na mwanzo wake umetafunwa na panya. Limebaki Salia. Salia! Litamke. Kuna jingine la "Viambatanisho", karatasi imechanika katikati: Viamba. Nina kumi na nne tayari, kwenye daftari, kwa mpangilio wa alfabeti. Mjuaji amepita kuazima gundi, ameliona mojawapo, na ameniambia Salia ni ua la milimani. Safari hii nimetabasamu tu.

Hakuna hatari yoyote. Nimefikiria kila kitu.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, kama nyumbani kuna binti anayengojewa, nifikie hivi. Usipite mbele. Zunguka jengo mpaka mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani, ule wenye ndoo ya mchanga. Njoo kati ya saa sita na nusu na saa saba, Bi Nukta anapokula. Gonga mara mbili, ngoja, gonga mara moja. Sema umekuja kuulizia jalada lililopotea. Nikikujibu "lipi?", ingia. Nikikujibu "hakuna", yeye yuko ndani. Ondoka taratibu kama mtu aliyekosea mlango. Waambie na jirani zako, lakini kila mmoja mwambie peke yake. Kama mtoto ni wa kiume, nipe wiki mbili: majalada yenye sauti nzito yako rafu ya juu kabisa, na ngazi inayumba.